Maji Moto ya Katana: Kabla Hujavua Viatu

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 2, ukaliacha soko la Mudaka nyuma, ukapita Miti na uwanja wa ndege wa Kavumu, unaingia Katana baada ya kilomita 45 hivi. Kulia kwako ni Ziwa Kivu. Kushoto ardhi inapanda, shamba juu ya shamba, hadi kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, ambamo mlima Kahuzi unafikia mita 3,308. Huku Katana, kati ya mlima na ziwa, ndiko yanakotoka maji moto ya Kankule. Watafiti wa Lwiro, kile kituo kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC na ambacho leo kinaitwa CRSN, wamekuwa wakiyapima na kuandika habari zake. Joto lake linapita nyuzi 60 za selsiasi.

Si chemchemi pekee ya eneo letu. Uvira wana yao Kavimvira. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kuna Amashyuza ya Bugarama, na kandokando ya ziwa hili hili, karibu na Gisenyi, kuna Nyamyumba. Kivu Kaskazini, ndani ya hifadhi ya Virunga, iko Mai ya Moto. Milimani ziko nyingine zisizo na kibao wala njia ya gari, ambazo mtu huzifikia kwa miguu akiongozwa na mwenyeji. Ushauri wa makala haya unazihusu zote, ila mfano wetu mkuu ni Katana kwa sababu ndiko watu wa Bukavu wanakoweza kwenda na kurudi siku moja.

Mtu hafiki kwenye maji ya namna hii bila sababu. Mmoja ana magoti yanayomuuma, wa pili ana mtoto mwenye upele, wa tatu ni kijana wa mjini anayetafuta picha za Jumapili. Na karibu kila kundi lina mwenye bidoni la manjano, maana ameambiwa maji yale yamekwisha kuchemshwa na Mungu mwenyewe, kwa hiyo ni safi, na kwa kuwa ni safi basi ni dawa. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Moto wa maji hautuambii kuwa ni safi, wala hautuambii kuwa yanatibu. Unatuambia kitu kimoja tu: yametoka chini sana.

Yanakotoka

Mvua inayonyesha milimani haiishii yote mtoni. Sehemu yake inazama katika nyufa za mwamba. Sisi tunaishi juu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ardhi inavutwa pande mbili na kupasuka, na nyufa hizo zinashuka kilomita nyingi. Kwa kawaida, kila ukishuka kilomita moja ardhini joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30. Penye bonde la ufa huongezeka zaidi. Maji yanashuka taratibu, yanapata moto, kisha yanakuta ufa mwingine wa kuyapandisha. Yanaweza kukaa chini miaka mingi kabla ya kuliona jua tena, na muda wote huo yanamumunya mwamba: chumvi, chokaa, salfa, floridi, na gesi ya ukaa. Ule utando mweupe unaoganda kwenye mawe ya chemchemi ni mzigo huo unaoachwa juu. Huko Bugarama mawe ya chokaa yaliyojengwa na maji moto kwa karne na karne ni mengi kiasi kwamba kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilianzishwa kwa kuyategemea.

Tangu Nyiragongo ilipomwaga moto mjini Goma Januari 2002, na tena Mei 2021, swali hili halikosekani: je, maji moto ya Katana ni dalili kwamba volkano inakuja? Hapana. Kahuzi na Biega ni volkano zilizozimika zamani sana, na maji hayahitaji lava iliyo karibu ili yapate moto. Kina cha ardhi chatosha. Kinachohusiana moja kwa moja na chemchemi zetu ni tetemeko. Nyufa zinazopandisha maji ndizo zinazoteleza ardhi inapotikisika, kama ilivyokuwa Kalehe Oktoba 2002 na hapa Bukavu na Cyangugu asubuhi ya Jumapili, 3 Februari 2008, kwa kipimo cha 5.9. Baada ya tetemeko, chemchemi yaweza kupanda joto, kubadili rangi, kuhama mita kadhaa au kukauka. Dimbwi ulilolizoea mwezi uliopita si lile lile. Baada ya mtikisiko wowote uliosikika mjini, achana nalo kwa majuma kadhaa, na utakaporudi lipime upya kama mgeni.

Kuhusu joto hilo la ardhini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1952, huko Kiabukwa, Katanga, maji ya nyuzi 91 yalitumika kuzalisha umeme wa megawati 0.2 kwa ajili ya machimbo. Kilikuwa kituo cha kwanza cha namna hiyo Afrika nzima. Kenya ilianza Olkaria mwaka 1981, na leo inapata zaidi ya megawati 900 kutoka ardhini. Kiabukwa ilizimika, na Bukavu bado inategemea mitambo ya Ruzizi ya mwaka 1959 na 1989, ikikatiwa umeme jioni. Siahidi kwamba Kankule itawasha taa zetu. Lakini mtoto wa shule anayesimama pale na daftari ana haki ya kujua kwamba nchi yake ilitangulia.

Usiyanywe

Tuanze na bidoni, kwa kuwa ndilo linaloleta madhara makubwa na ya kimyakimya.

Maji moto ya Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, mara nyingi yana floridi nyingi. Floridi kidogo huimarisha meno, ikizidi inayaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa maji yaliyopita kiwango hicho kabla ya kutimiza miaka minane, wakati meno ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya ufizi, atayatoa yakiwa na madoa meupe kama chaki, kisha ya kahawia, na baadaye yenye vishimo. Ukitembea Arusha na vijiji vya kuzunguka mlima Meru utayaona meno hayo kwa watu wazima wengi, na hakuna mswaki utakaoyang'arisha.

Meno ndiyo yanayoonekana, mifupa haionekani. Anayekunywa floridi nyingi kwa miaka huanza kuumwa viungo, mgongo unakakamaa, shingo inakuwa nzito kugeuka, na kwa watoto miguu yaweza kupinda. Yaani yule mama aliyekwenda na bidoni kwa ajili ya magoti, akawa anakunywa kikombe asubuhi na jioni mwaka hadi mwaka, anaweza kuwa analisha ugonjwa uleule anaoukimbia.

Kuyachemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo kila lita inayobakia sufuriani ina nyingi zaidi. Vidonge vya klorini haviigusi. Kuyatuliza usiku kucha na kuyachuja kwa kitambaa kunaondoa matope tu. Dawa yake ipo, ila ni ya kitaalamu: huko Ngurdoto, Tanzania, kituo cha utafiti kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa wa kuni wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Kama kijiji chako kinategemea kisima au mfereji ulio jirani na maji moto, na watoto wanaota meno yenye madoa, peleka habari kwa mganga mkuu wa kanda ya afya na uombe maji yapimwe. Sampuli ya kupima floridi huwekwa kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floridi huingiliana na kioo.

Vijidudu navyo? Ni kweli nyuzi 60 zinaua vingi vikikaa humo muda wa kutosha. Lakini hakuna anayechota ndani ya ufa wenyewe. Watu huchota chini kidogo, pale maji yalipopoa, palipooshwa nguo na kukanyagwa na mbuzi. Maji ya uvuguvugu wa nyuzi 30 au 40 ndiyo hasa vijidudu wanayoyapenda. Yumo amiba mmoja, Naegleria fowleri, anayestahimili joto la hadi nyuzi 45 hivi. Ni nadra sana kumpata mtu, lakini akimpata huingia kupitia puani hadi kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Kwa hiyo katika maji moto usipige mbizi, usitie kichwa ndani, na usiwarushie watoto maji usoni. Kuoga shingo kushuka chini kunatosha.

Bidoni basi libebe, lakini lijaze maji safi ya baridi nyumbani. Utayahitaji ya kunywa, maana jasho linalotoka ndani ya maji hulioni, na utayahitaji zaidi mtu akiungua.

Kipimo kwanza, mguu baadaye

Mwili wa mtu una nyuzi 37. Maji ya kujitumbukiza yasizidi 40. Kuanzia hapo hesabu inakimbia haraka kuliko watu wanavyodhani: maji ya nyuzi 50 yanamuunguza mtu mzima vibaya kwa dakika tano hivi, ya nyuzi 55 kwa nusu dakika, ya nyuzi 60 kwa sekunde tano, na ya nyuzi 70 kwa sekunde moja. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, haihitaji hata muda huo. Tumezoea kudhani maji hatari ni yale yanayotoa mapovu kama ya chai. Hapa Bukavu, kwa kuwa mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chai yenyewe inachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maji ya nyuzi 65 hayatoi mapovu ya kuchemka hata kidogo. Yametulia, yanang'aa, unaona mawe chini, na ngozi ya mguu inabaki humo.

Rangi nayo inadanganya. Ukiona ukoko wa kijani au wa rangi ya chungwa umeshika mawe, usiseme, kama majani yanaishi humu basi na mimi nitaishi. Ule si majani. Ni makundi ya bakteria, na wale wa kijani huvumilia mpaka nyuzi 70 na zaidi kidogo. Viumbe wa namna hiyo wana historia inayotugusa. Mwaka 1966 mtafiti Thomas Brock alikuta katika chemchemi za Yellowstone, Marekani, bakteria anayeishi kwenye nyuzi 70, ambaye baadaye aliitwa Thermus aquaticus. Kimeng'enya chake kisichoharibika kwa moto ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR, aina ile ile ya kipimo iliyothibitisha wagonjwa wa Ebola kule Mwenga Agosti 2019, na iliyotusimamisha foleni tukitolewa makamasi wakati wa Korona. Anayeosha sufuria kwa kukwangua ukoko ule kwenye mawe hajui anachokwangua.

Vyombo vya kupimia ni rahisi. Kipimajoto cha jikoni au cha maabara kinachofika nyuzi 100 kinafaa. Kile cha homa hakifai: kinaishia nyuzi 42, na cha kioo kitapasuka na kumwaga zebaki. Huna kabisa? Chota kwa kikombe kilichofungwa kwenye fimbo, mimina kwenye beseni, ngoja kidogo, kisha jaribu kwa kiwiko. Usijaribu kwa mguu ukiwa umesimama ukingoni, kwa maana ukingo wenyewe hauaminiki. Chokaa inayoganda huunda gamba juu ya maji, gumu machoni, jembamba kama kaki, na chini yake ni moto mtupu. Huko Yellowstone zaidi ya watu 20 wamekufa katika maji moto tangu hifadhi ianze kutunza kumbukumbu, na kuna vibao kila mahali. Kwetu hakuna kibao. Kanyaga palipokwisha kukanyagwa na wengi, shika mtoto mkono muda wote, mbebe ikibidi, na mbwa muache nyumbani.

Njia iliyo bora kuliko zote ni ya wenyeji wenye busara: hawaingii kwenye dimbwi. Wanachota, wanachanganya na maji ya baridi katika beseni au karai, wanakaa pembeni kwenye jiwe na kujimwagia au kuloweka miguu. Unapata joto lote unalolitafuta, na unaamua mwenyewe kiwango chake.

Hewa inayokaa chini

Harufu ya yai bovu ni ya gesi ya salfa. Ikiwa ndogo haidhuru. Ikiwa kali sana huua pua kwanza, yaani huisikii tena, na mtu anadhani imekwisha. Harufu kali ikipotea ghafla huku hujaondoka mahali ulipo, ondoka.

Gesi ya ukaa haina harufu wala rangi. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hujikusanya kwenye mashimo, mifereji na mabonde madogo, hasa alfajiri na jioni pasipo upepo. Watu wa Goma wanaijua kwa jina la mazuku, na wamezika watoto na mifugo kwa sababu yake. Ndiyo hiyo hiyo iliyolala kwa wingi chini ya Ziwa Kivu pamoja na methani, na ndiyo iliyotoka Ziwa Nyos, Kamerun, usiku wa 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 usingizini. Kwenye chemchemi ya kawaida hatari haifikii huko, ila shimo moja lenye kina cha kiuno linatosha kumuua mtoto anayeinama kuokota jiwe.

Tazama chini kabla ya kushuka popote. Panzi, vipepeo, vyura au ndege waliokufa pamoja katika kishimo kimoja ni onyo lisilohitaji mtaalamu. Usikae wala usilale kwenye bonde la karibu na maji, na hema lisipigwe huko hata kama panaonekana pana joto zuri. Na mtu akianguka ndani ya shimo la namna hiyo, usimfuate. Ndivyo vinavyotokea vifo vya watu wawili na watatu wa familia moja: kila mmoja anamfuata mwenzake kwa upendo, na hewa ni ile ile. Mvute kwa kamba au kwa mti mrefu ukiwa juu, huku ukipiga kelele.

Inatibu nini basi

Sisemi maji haya hayana faida. Kuloweka viungo katika maji ya nyuzi 37 hadi 40 kunalegeza misuli na kupunguza maumivu ya baridi yabisi kwa muda. Hilo limeonekana katika tafiti za nchi nyingi, na watu wa Kitagata, Uganda, wenye chemchemi yao ya maji moto, hawakusubiri tafiti kulijua. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Toka polepole, kaa kwanza, ndipo usimame, kwa sababu joto hupanua mishipa na presha hushuka. Wengi huanguka wakati wa kutoka, si wakati wa kuingia.

Wako wasiotakiwa kuingia kabisa: mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia, mwenye homa, mwenye kidonda kibichi, aliyekunywa kasiksi au pombe yoyote, na mama mjamzito, hasa miezi ya mwanzo, kwa kuwa mwili ukipata joto kupita kiasi mtoto anaweza kuumbika vibaya. Mgonjwa wa kisukari namtaja peke yake. Sukari ikikaa mwilini miaka inaua hisia za nyayo. Mtu huyo ataweka mguu katika maji ya nyuzi 55, atasema ni mazuri, na atauona umebabuka akifika nyumbani. Kwake, maji yapimwe na mtu mwingine, kila mara.

Upele ni ugonjwa wa vijidudu wanaochimba ngozi. Dawa yake inapatikana kituo cha afya, na familia nzima hutibiwa siku moja. Kumwogesha mtoto kwenye dimbwi la wote kunamtuliza mwasho usiku mmoja na kuwaacha wengine katika hatari. Wala asitokee mtu wa kukushauri uache vidonge vya presha, vya sukari au vya kupunguza makali ya virusi kwa kuwa umeoga Katana. Akikwambia hivyo, hata kama ni mtu wa sala, muage.

Safari yenyewe

Msimu unaofaa ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti. Miezi ya mvua miteremko yetu haichezewi. Waliosahau wakumbuke Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, maji na matope yaliposhuka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya 400. Chemchemi nyingi ziko katika makorongo, na korongo ndiyo njia ya mafuriko. Mvua ikionekana mlimani, hata kama kwenu jua linawaka, panda juu.

Kuhusu usalama nitasema wazi. Tangu Februari 2025 Bukavu na Kavumu vimo mikononi mwa waasi wa M23, na hali ya barabara na ya vijiji hubadilika bila taarifa. Habari ya juzi haifai. Uliza asubuhi ya siku ile ile, kwa mtu anayeishi huko na si kwa dereva anayetaka abiria, beba kitambulisho, usipige picha vizuizi wala wenye silaha, na saa tisa mchana uwe umeshageuza. Kama majibu yanapingana, ahirisha. Maji yamekuwepo kabla yetu.

Ukifika, usielekee moja kwa moja majini. Pita kwa mkubwa wa kijiji au kwa wazee, usalimie, ueleze umekuja kufanya nini, na uulize utaratibu: wapi wanaoga akina mama, wapi akina baba, saa ngapi, na wapi hapaguswi. Yapo maeneo ambayo watu wanayaheshimu kwa sababu zao, na mgeni hahitaji kuelezwa sababu ili aheshimu. Kijana wa kukuongoza mlipe mlivyokubaliana kabla ya kuondoka, si baada. Sabuni na mafuta visiingie kwenye chanzo. Oga pembeni, maji machafu yaende shambani. Mifuko ya plastiki rudi nayo.

Anayetaka kuvuka mashamba na kuingia msituni ana shughuli nyingine. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1980, imo katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997, na sababu mojawapo ni makundi yenye silaha. Kuingia ni kwa ruhusa ya ICCN, mamlaka ya hifadhi, na kwa kuongozwa na walinzi wao. Makao yao yako Tshivanga, unapokata kushoto Miti. Njia ya mkato ya "jamaa anayejua" ni kosa la kisheria na ni hatari. Na hata kwa aliye na ruhusa, baridi ya milimani ni jambo la kupanga. Juu ya mita 2,000 usiku ni mkali, na mtu aliyetoka kwenye maji moto akiwa na nguo mbichi hupoteza joto upesi kuliko ambaye hakuoga. Beba nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, jikaushe kabisa, vaa kofia, ndipo uendelee na safari. Mtu anayetetemeka, kisha anaacha kutetemeka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, si kwamba ameizoea baridi, anazidiwa.

Mtu akiungua

Mtoe kwenye maji moto bila wewe kuingia. Mvue nguo zilizolowa moto, pete, saa na bangili kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi iache. Kisha mmwagie palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, ukitazama saa, si kwa kukisia. Kama bidoni ni moja, mwaga kidogo kidogo mfululizo. Hata kama saa mbili zimepita tangu aungue bado kuna faida, kwa hiyo usiseme tumechelewa. Mwili mwingine ufunike asipate baridi, hasa mtoto.

Usipake dawa ya meno, mawese, yai, unga, asali wala matope. Vyote vinafunga joto ndani au vinaleta uchafu, na hospitali italazimika kuvikwangua juu ya kidonda. Barafu usiweke. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya au kwa mfuko mpya wa plastiki uliolegezwa, na mpe anywe maji kidogo kidogo kama ana fahamu.

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, ni kama asilimia moja ya mwili wake. Palipobabuka pakizidi kiganja hicho kwa mtoto, au popote pakiwa ni uso, mikono, nyayo, viungo vya uzazi au kwenye maungio, aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ngozi ikiwa nyeupe au ngumu na haiumi, kwa maana kutouma ni dalili kwamba moto umefika chini. Kwa walio Kankule, hospitali kubwa ya karibu ni ile ya FOMULAC, hapo hapo Katana. Mwambie muuguzi jambo moja ambalo hataliona kwa macho: mgonjwa aliunguzwa na maji ya ardhini, na kidonda kimegusa udongo. Ataangalia chanjo ya pepopunda.